Dakika Tatu za Fundi Delbert

Delbert Rasmussen alipoanza kuusimulia ule moto kwa mara ya tatu katika wiki moja, nilikuwa nimeshika bakuli la maharage ya pilipili, na nusura nimmwagie.

"Kulikuwa na mama mmoja," alisema, akiwageukia wageni wa kutoka Iowa ambao ndio kwanza walikuwa wameegesha trela lao. "Jina simtaji. Mama mzuri tu, hana neno na mtu. Akasahau kufunga jiko. Kitu kidogo hicho! Asubuhi mumewe akaamka, akawasha moto, trela lote likaondoka na bati zake. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kulala, mkono kwenye jiko!"

Wageni wakatikisa vichwa. Huyo mama asiyetajwa jina alikuwa ameketi viti vinne kutoka kwake, blanketi magotini, anatafuna mkate mkavu na jibini. Ni dada yangu, Lavonne. Delbert alijua fika kwamba yuko pale. Alipomaliza alimtazama kwa macho ya huruma, akamwinamishia kichwa, mithili ya mchungaji anayemwombea mwenye dhambi.

Mimi naitwa Ardis Tveit. Nimetengeneza gesi za matrela kule Minnesota miaka ishirini na miwili, mpaka magoti yakanigomea. Hasira zangu ziko karibu, sifichi, na kwa kawaida mtu akinichokoza hapati muda wa kumeza mate. Lakini jioni ile ya Januari, katika duara la viti kwenye kambi yetu ya jangwani Arizona, nilikula maharage yangu nikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kujua jambo ambalo Delbert hakujua kwamba ninalijua, nami nilitaka kulitoa siku yake ikifika.

Miaka mitano kabla ya hapo, Lavonne na shemeji yangu Milo walikuwa kambini Texas, karibu na bahari. Wakanusa gesi ndani ya trela lao. Mimi nilikuwa mbali, kitandani, nimepasuliwa goti. Wakamwita Delbert, muuza mazulia mstaafu aliyesoma ufundi wa gesi kwa siku mbili na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Akapima. Akasema trela ni zima, na kwamba ile harufu ni ya mtungi unaokaribia kwisha, kwa sababu gesi ikibaki kidogo harufu yake huzidi. Jambo hilo ni la kweli kabisa. Ndiyo maana walimwamini.

Siku tatu baadaye Milo aliamka kabla ya mkewe, akawasha moto. Lavonne alitoka na mikono iliyoungua. Milo hakutoka.

Wapelelezi wa moto walikuta vitasa vya jiko vimeyeyuka, haijulikani kipi kilikuwa wazi na kipi kilifungwa. Wakamwuliza fundi aliyepima. Fundi akasema kazi yake ilikuwa safi, ila yule mama ana tabia ya kusahau jiko, kamwona kwa macho yake mara mbili. Ikaandikwa hivyo, ikapigwa muhuri, na Lavonne akaletewa nakala hospitalini akiwa amefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko.

Dada yangu alifundisha hesabu miaka thelathini. Ni mtu anayekumbuka siku za kuzaliwa za watoto aliowafundisha mwaka wa sabini na tano. Baada ya karatasi ile aliacha kuiamini akili yake. Akiweka ufunguo mezani, anarudi kuutazama kama upo. Akikupa habari, anakuuliza kama amekwisha kukupa. Miaka mitano ameishi nami kwenye trela langu, na kwa miaka mitano hajachemsha hata maji ya chai. Anakula vitu vya baridi. Nikipika, anatoka nje, hata kukiwa na upepo wa kukata masikio.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Milo harudi, na sikumdai Delbert Milo. Nilimdai akili ya dada yangu. Angeweza kumrudishia kwa sentensi moja tu, na nilikusudia kuikamua sentensi hiyo kutoka kinywani mwake mbele ya kambi nzima. Niliposikia amehamia Arizona, nikamwambia Lavonne kwamba magoti yangu yanataka joto la jangwa. Magoti hayana hoja, yalikubali.

Siku tuliyofika alikuja kutupokea kwa mikono miwili. "Mama Lavonne!" akasema. "Nataka ujue, mimi sikuwahi kukulaumu. Sote ni binadamu, sote tunasahau."

Lavonne akamwambia ahsante. Ahsante! Ilinibidi niende nyuma ya pikapu nikateue mawe ya kuwekea magurudumu, na niliteua mengi kuliko yaliyohitajika.

Sasa nieleze nilichokiona siku chache kabla ya jioni ile ya maharage. Jirani yetu, Clovis Pruitt, mzee wa Oklahoma aliyefiwa na mkewe, mwenye maneno mengi, alinusa gesi kwake akamwita Delbert. Delbert huwa hatozi chochote; huondoka na kipande cha keki na sifa. Mimi nilikuwa mlangoni pa Clovis, nimesimama tu kama mtu wa kupita.

Kupima gesi ya trela si kazi ngumu. Unafungua mtungi mabomba yajae, unaufunga, unachomeka geji ya kupimia nguvu ya gesi kwenye jiko, kisha unatazama mshale kwa dakika tatu. Ukishuka, kuna mahali panavuja. Lakini katikati kuna hatua moja ambayo mvivu huiruka. Ukishafunga mtungi, lazima uiachie gesi kidogo itoke, mshale ushuke mpaka namba nane ya geji, ndipo uanze kuhesabu. Usipofanya hivyo, kwenye ule mpira mfupi unaotoa gesi mtungini kunabaki gesi yenye nguvu, nayo inaendelea kujaza mabomba polepole. Ni sawa na kupima ndoo iliyotoboka huku kuna mtu nyuma yako anamimina maji kwa birika. Utatazama mchana kutwa na maji hayatapungua.

Delbert alifunga mtungi wa Clovis, akaingia ndani, akachomeka geji, akatazama saa yake. Hakuachia gesi hata kidogo. Nilikuwa namwona Milo amesimama alipokuwa amesimama Clovis, anasubiri kuambiwa.

"Dakika tatu, mshale kama umepigwa msumari!" akasema Delbert. "Trela ni zima kabisa. Harufu hiyo, mzee wangu, ni mtungi unakaribia kwisha."

Maneno yale yale. Kisha akatoa laita yake mfukoni akawasha jiko, kama afanyavyo kila anapomaliza, ili watu waone kwamba fundi anaiamini kazi yake. Safari hiyo Mungu alikuwa karibu.

Baada ya nusu saa nilikwenda kwa Clovis kuomba sukari, chupa ya maji ya sabuni ikiwa ndani ya koti. Sukari situmii, sukari inanitafuta mimi. Clovis alipokuwa anapekua kabati nilinyunyiza sabuni kwenye mabomba nyuma ya jokofu lake, na kwenye nati moja povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Nikaikaza kwa spana mbili, moja ya kushikia na moja ya kuzungushia. Nikatoka na kikombe changu cha sukari.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumpigia Delbert kelele pale pale. Kwa sababu angesema nati imelegea baada ya yeye kuondoka, na watu wangemwamini, maana yeye ni mcheshi na mimi nina sura ya siki. Watu wa aina yake hawakosi mlango wa nyuma. Nilitaka chumba ambacho mlango wa nyuma nimeufunga mimi.

Siku iliyofuata jioni ile ya maharage, saa tisa alasiri, nikamtanguliza Lavonne kwenye duara na kiti chake. Nikafungua madirisha yote ya trela langu na tundu la paa. Nikalala chali chini ya jiko, nikaitafuta nati ya bomba la shaba, nikailegeza kidogo, kiasi cha upana wa unywele. Nikaitia sabuni. Povu likaja, dogo, la kujikaza. Nikafunga mtungi, nikaosha mikono, nikavaa sweta safi kama ninayekwenda kanisani.

Saa kumi duara lilikuwa limejaa. Mtu ameleta mkate wa mahindi, mtu ameleta sufuria. Nikasimama katikati.

"Bwana Delbert, una nafasi?"

"Kwako wewe, Bi Ardis? Nafasi haikosekani!"

"Kuna harufu kwenye trela langu. Pua yangu imezeeka, siiamini tena. Njoo unipimie."

Clovis akapiga paja lake. "Heee! Fundi anamwita fundi! Kweli kinyozi hajinyoi!"

Delbert alivimba mpaka vifungo vya shati vikapata kazi. "Hapana aibu yoyote, mama," akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya kunibembeleza. "Kazi hii inataka macho ya ujana."

"Ana miaka sabini na moja huyo," akasema Clovis. "Macho ya ujana kayaazima wapi?"

Watu wakacheka. Nikawaambia waje wote, wageni wapate kujifunza, na waje na viti vyao. Wakaja kama kumi na wanne. Walioenea wakaingia ndani, wengine wakapanga viti mbele ya mlango. Lavonne alikaa karibu na ngazi, mikono ndani ya blanketi. Yeye haingii jiko likiwa linaguswa.

Delbert akafungua mtungi, akaufunga, akaingia na geji yake. Nilisimama karibu naye kuliko adabu inavyoruhusu.

"Umeufunga mtungi?" nikamwuliza, kwa sauti ya kusikika nje.

"Nimeufunga."

"Na kabla ya kuhesabu, hakuna jambo jingine la kufanya?"

Nilimpa nafasi. Asije mtu akasema sikumpa.

"Jambo gani?"

"Mimi sijui. Fundi ni wewe."

"Hakuna jingine, mama. Geji haisemi uongo." Akaitazama saa yake, akainua kidole watu wanyamaze.

Dakika tatu ni nyingi ukiwa unangoja kumwangusha mtu. Nilisikia upepo kwenye tundu la paa. Nilisikia mwanamke wa Iowa akimeza. Mshale ulisimama pale pale, na Delbert akageuka na uso wa bwana harusi.

"Ni zima kabisa! Na ile harufu..."

"Ni mtungi unakaribia kwisha," nikammalizia.

"Umeona? Unajua mwenyewe!"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa laita. Nilikuwa nimesahau laita. Mipango yote ile, madirisha, nati, viti, na ile desturi yake ya kuwasha jiko haikunijia kichwani hata mara moja. Akainyoosha kuelekea jikoni, kidole gumba juu. Sitasema uongo, kwa sababu uongo ndio uliotufikisha hapa: nilichelewa kumshika, na nilichelewa makusudi. Kitu fulani ndani yangu kilisema mwache. Kisha nikamwona mwanamke wa Iowa amesimama pale bila kosa lolote, nikamkamata Delbert mkono kwa nguvu, laita ikaanguka.

"Unaniumiza! Vipi wewe?"

"Geji iache hapo hapo," nikasema. "Sasa tupime tena, kwa njia yangu. Clovis, njoo usome mshale. Wewe huna haya, utasoma kwa sauti."

Nikafungua kitasa kimoja cha jiko kidogo tu. Gesi ikapiga mluzi mwembamba, mshale ukashuka, nikakifunga.

"Nane," akasoma Clovis. Akakaza macho. "Saba na nusu... Saba. Mama wee, unashuka huu! Sita na nusu!"

"Geji imeharibika," akasema Delbert.

"Geji ni yako."

"Basi kuna kitu umegusa. Umegusa kitu!"

"Nimegusa!" nikasema, na hapo sauti ilinitoka yote, miaka mitano ya sauti. "Sikieni nyote, walio ndani na walio nje. Nati ya chini ya jiko nimeilegeza mimi, saa tisa, kwa spana hii. Trela hili linavuja tangu saa tisa. Fundi wenu amesimama juu ya uvujaji dakika tatu, akauita uzima, akatoa moto mfukoni. Mpira wa mtungini ulikuwa unamfichia, kwa sababu hakuachia gesi kwanza. Hajui. Hajawahi kujua."

Clovis ndiye aliyetangulia kusema.

"Ngoja kwanza. Na langu mimi?"

"Lako lilikuwa linavuja nyuma ya jokofu. Niliikaza nati siku ile nilipokuja kuomba sukari."

"Ile sukari! Nami nikadhani umenipenda!"

Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Nje viti vikaanza kusukumwa. Watu aliowapimia Delbert walikuwa wanakwenda mbio kwenye mitungi yao, nikasikia miguu kwenye changarawe na mtu akimwita mkewe atoke nje upesi. Delbert alitaka kupita. Nikasimama mlangoni.

"Kule Texas, kwa Milo. Uliachia gesi kwanza, au hukuachia?"

"Ardis, ni miaka mitano sasa..."

"Sikukuuliza miaka."

Alitazama mlango, akatazama watu. Jasho lilikuwa linamtoka, na kulikuwa na baridi.

"Sikuachia," akasema. "Sikujua. Haki ya Mungu nakuapia, sikujua."

"Hilo nakuamini. Ujinga hauna shtaka. Sasa njoo kwenye la pili. Uliwaambia wapelelezi kwamba ulimwona dada yangu akisahau jiko, mara mbili, kwa macho yako. Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Akaigeukia geji yake.

"Siku gani? Asubuhi? Mchana? Alikuwa anapika nini?"

"Waliniuliza kama nilipima sawasawa," akasema polepole. "Walikuwa watatu, na kinasa sauti mezani. Niliogopa."

"Alikuwa anapika nini, Delbert?"

"Sikumwona."

"Sema kwa nguvu. Kuna watu nje."

"Sikumwona!" akapiga kelele. "Sikumwona akisahau hata siku moja! Nilisema tu!"

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi furaha mbaya, ya kutetemesha meno. Nilikuwa nimekuja na njaa ya kitu hiki maili elfu na mia saba, na sasa kilikuwa sahanini. Clovis, ambaye sijawahi kumwona bila mzaha, alikuwa mweupe usoni.

"Mwaka mzima nimekupa keki," alimwambia Delbert. "Kumbe ungenizika. Funga virago vyako. Leo hii, kabla jua halijatua, uwe umeondoka."

"Aondoke!" wakaitikia waliobaki nje. Mtu mmoja tayari alikuwa amekwenda kuondoa mawe kwenye magurudumu ya trela la Delbert. Hilo nalo nilikuwa nimeliwazia mara nyingi, Delbert anakokota trela lake peke yake barabarani, hana wa kumpungia mkono.

"Hakuna kuondoka."

Lavonne alikuwa amesimama kwenye ngazi. Blanketi ameliacha kitini. Akapanda, akaingia, na watu wakajibana kumpisha. Delbert alipomwona akaanza kulia.

"Mama Lavonne, nisamehe. Nakuomba nisamehe."

Hakumtazama. "Ardis," akasema, "kaza hiyo nati."

Nililala tena chali, magoti yakilalamika, nikaikaza kwa spana mbili. Nikatia sabuni, hapakuwa na povu. Lavonne akasema nipime. Nikafungua mtungi, nikafunga, nikaachia mpaka nane. Alisogea mwenyewe mbele ya geji, karibu na jiko kuliko nilivyowahi kumwona tangu Texas, akasimama dakika tatu nzima bila kupepesa.

"Nane," akasema. Ilikuwa sauti yake ya darasani. Nilidhani ilikufa kule hospitalini.

Nikaenda kufungua mtungi. Niliporudi alikuwa ameokota laita sakafuni. Watu wote walikuwa wametoka isipokuwa Delbert, ambaye alikuwa ameambiwa akae kwenye kimeza changu cha kulia, na alikuwa amekaa.

Vidole vya Lavonne havikunjiki vizuri. Ngozi ilishikana ilipopona. Laita ikatoa cheche ikazima. Akajaribu tena, ikazima. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanitazama nikaurudisha. Mara ya tatu ikawaka, akaisogeza kwenye jiko, na moto ukashika duara lote, bluu, bila kelele. Aliutazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nalia bila kujijua. Akaweka sufuria ya maji, akauliza kahawa inakaa wapi. Miaka mitano ndani ya trela lile, hakujua kahawa inakaa wapi.

"Siku ile," alimwambia Delbert akiwa amempa mgongo, "Milo aliamka kunipikia kahawa. Nilimsikia anaimba. Ilikuwa sauti mbaya sana, ile ya Milo. Hiyo kahawa hakuna aliyeinywa."

Akamimina kikombe mpaka ukingoni, akamwekea mbele.

"Kunywa."

Delbert akaonja, akakiweka chini haraka. "Ni ya moto."

"Najua," akasema Lavonne.

Akainywa. Alikunywa kwa kushtuka kila funda, machozi yakimtiririka, na dada yangu alisimama juu yake na kitambaa cha vyombo begani, mikono yake ile ikiwa wazi mezani mbele ya macho ya Delbert, mpaka kikombe kikaisha.

"Nilifika mahali," alimwambia, "nikawa naandika jina langu kwenye kikaratasi, naweka chini ya mto. Nisije nikaamka nimelisahau. Ardis hajui. Nilikuwa naona aibu."

Nilikuwa sijui. Nililala futi sita kutoka kwenye mto ule na nilikuwa sijui.

"Mama, niambie la kufanya," akasema Delbert. "Niandike barua kwa wale wapelelezi? Nitaandika. Niondoke? Nitaondoka."

"Barua utaandika, na Ardis ataisoma kabla haijaenda. Kuondoka, hapana. Wewe ukiondoka utakwenda kambi nyingine na hadithi nyingine, na mimi nitabaki na kichwa hiki. Kesho saa moja asubuhi utakuja hapa. Utakaa hapo ulipokaa. Nitawasha jiko na nitalifunga, na wewe utasema kwa mdomo wako ulichokiona. Kesho kutwa vile vile."

"Mpaka lini?"

"Ulichukua miaka mitano. Mimi nitaangalia."

Alipotoka, nilimwambia Lavonne kwamba ana moyo kuliko mimi, kwamba mimi ningemwacha Clovis na wenzake wamfukuze mpaka Mexico. Akanijibu kwamba hilo lingekuwa raha kwa Delbert. Alikuwa anaosha kikombe. Maisha yangu yote nilidhani mwenye kisasi katika familia yetu ni mimi.

Kesho yake Delbert alifika saa moja kasoro dakika tano. Lavonne alimwona dirishani na hakumfungulia. Alisimama nje kwenye baridi, kofia mkononi, watu wa kambi wakimpita na mbwa wao bila kumsalimu, mpaka saa moja ikatimia. Ndipo akaingia, akakaa, akanywa alichopewa. Lavonne alikaanga mayai mawili, akala moja, akanipa moja. Kisha akafunga kitasa cha jiko, akaondoa mkono, akamgeukia.

"Nimefunga?"

"Umefunga, mama," akasema Delbert.

"Rudia."